Vipimo vya Mwalimu Nduku

Jumatatu, 6 Oktoba

Sketi mbili za kupunguza kiuno. Sare tatu za shule. Zipu ya mama mmoja wa kwaya ambaye hunenepa kila Pasaka na kuilaumu zipu. Umeme ulipotea saa nne, ukarudi saa saba. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, haina habari na umeme. Pasi ndiyo iliyoniangusha.

Saa nane simu ikaanza kulia bila kupumzika. Grupu la wazazi wa gredi ya tatu. Mama Ryan, mwenyekiti wetu, ameandika kwamba Mwalimu Nduku amepata uhamisho. Anakwenda kufundisha Mwala. Shule inafungwa tarehe 24, na hiyo ndiyo siku yake ya mwisho hapa. Tumshukuru vipi?

Maoni yakamiminika. Seti ya glasi. Saa ya ukutani yenye picha za watoto. Blanketi. Baba mmoja akasema mbuzi. Mwingine akamjibu kwamba Mwala mbuzi wamejaa hadi barabarani, mwalimu atawasalimia akifika.

Mimi sikuandika kitu. Niliifunika simu kwa kitambaa nikarudi kwenye zipu. Nikashona kombo, nikafumua, nikashona kombo tena.

Mwenye deni kubwa la shukrani kwa Mwalimu Nduku humo grupuni ni mimi. Na wa kumwomba msamaha ni mimi peke yangu. Mwaka mzima sijamwambia hata habari yako. Zimebaki siku kumi na nane.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamka na kichwa kizito. Acha niandike ilivyokuwa, labda nitatulia.

Ilikuwa muhula wa tatu mwaka jana. Binti yangu Mumbua alikuwa gredi ya pili. Siku ya wazazi kuangalia madaftari, Mwalimu Nduku alinivuta kando, pale mlangoni, akaniambia kwamba mtoto hajui kusoma. Anakariri tu anachosikia wenzake wakisoma. Tumsaidie pamoja, yeye shuleni na mimi nyumbani. Sauti yake ilikuwa ya chini. Hakumwita mtoto mjinga.

Yangu ndiyo iliyopanda. Nilipiga kelele mpaka wazazi wakatoka darasani kuangalia. Nilisema amemwita mtoto wangu mjinga. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, nusu ya wazazi nyuma yangu, nikamshtaki. Mwalimu mkuu akaandika. Nikatia sahihi. Nilitoka mle nikijiona simba.

Mimi mwenyewe niliitwa mjinga darasani mpaka nikaacha shule darasa la saba. Neno hilo nalisikia hata lisiposemwa. Si udhuru. Ni hali yangu tu.

Mwaka huu Mwalimu Nduku alipanda na darasa lile lile, Mumbua akabaki mikononi mwake. Nami nikaanza kupitia lango la nyuma ili tusikutane.

Mwezi uliopita Mumbua alikuwa hapa dukani. Akachukua karatasi ya gazeti iliyofungiwa mandazi, akasoma. Kusoma hasa. Bei ya mbolea, mkutano wa mbunge, mpaka tangazo la shamba. Nilidhani anatunga. Nikamnyang'anya karatasi nikaangalia mwenyewe. Hakuruka neno.

Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha. Akashangaa swali. "Si ni Mwalimu! Saa ya lunch, kila siku." Akatoa daftari dogo ambalo sijawahi kuliona. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: uzi. Chini yake: sindano. Mkasi. Kitambaa. Kifungo. Mwalimu alimwanzisha na vitu vya duka langu, kwa kuwa ndivyo mtoto alivyovijua.

Mwaka mzima ameacha chakula chake akae na mtoto wangu. Hakuniambia. Hakumwambia mtu.

Nina aibu. Sina neno jingine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Grupu limeamua: blanketi na seti ya glasi. Jamani, glasi! Huyu mwanamke amefundisha miaka ishirini. Kama kila darasa limempa glasi, nyumbani kwake hakuna hata pa kuweka unga. Nimetoa mchango wangu nikanyamaza.

Lakini blanketi la wazazi wote haliwezi kubeba langu. Nitamshonea gauni. Ndicho ninachojua kufanya.

Nimekwenda kwa Mama Hamdi, Msomali anayeuza vitambaa karibu na msikiti. Hamdi wake anakaa dawati moja na Mumbua, kwa hiyo hakuna ninachoweza kumficha. Nimechagua kitambaa cha zambarau iliyokoza chenye maua meupe madogo. Si kitenge. Kila mtu huwapa walimu kitenge.

Mama Hamdi alipima mita zake, akakata, kisha akaniuliza nimempima mwalimu lini. Nikamwambia mimi hupima kwa macho. Na ni kweli, mji huu wote unanijua kwa hilo. Bibi harusi akiingia mlangoni namtajia nyonga zake kabla hajaketi. Mama Hamdi akaniangalia kidogo, akanipa kitambaa. "Haya. Macho ni yako."

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ya Mazingira. Watoto wamekwenda kupanda miche kanisani. Mimi nimekata gauni.

Sikuandika hata namba moja. Mwanamke mnene kidogo, kifua kipana, mabega ya mtu aliyezoea kubeba madaftari. Mkasi ulikwenda wenyewe. Nimepiga bandi, ule mshono wa muda, upande mmoja na mwingine, nikalitundika msumarini. Zuri. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimekula nikashiba.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemwona. Sokoni, baada ya kanisa, akichagua nyanya.

Nilijificha nyuma ya magunia ya viazi. Mtu mzima na akili zangu, nimejificha nyuma ya viazi. Muuzaji akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Amekonda. Nguo inamning'inia. Kiuno kimeisha, mabega yameshuka, shingo imekuwa ndefu. Gauni nililokata ni la yule wa mwaka jana, yule niliyempigia kelele. Huyu wa leo sijui vipimo vyake, kwa sababu mwaka mzima sijamtazama. Nimekuwa nikitazama lango la nyuma.

Je, anaumwa? Ni mimi niliyemfanya hivi? Nimerudi nyumbani na nusu kilo ya viazi ambavyo sikuvitaka.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama Ryan amekuja kuchukua sweta lake. Nikamchimba polepole kuhusu mwalimu. Kumbe mama yake Mwalimu Nduku alipooza upande mmoja Januari, yuko kwao Mwala. Mwalimu huenda kila Ijumaa jioni kumgeuza na kumfulia, hurudi Jumapili asubuhi. Ndiyo maana amekonda. Ndiyo maana ameomba uhamisho.

Si mimi, basi. Nilifurahi kama dakika moja.

Halafu Mama Ryan, macho yake kwenye vifungo vya sweta, akasema mwalimu alikosa na cheo pia. Angekuwa naibu wa mwalimu mkuu. Kwenye mahojiano walifungua faili lake wakakuta barua ya onyo ya mwaka jana. Hakuniangalia aliposema hivyo. Alikunja sweta lake akaenda.

Onyo hilo ni kazi yangu. Nilidhani maneno yale yaliishia ndani ya ofisi ile.

Na Jumanne iliyopita niliandika nusu tu. Nimeandikia daftari langu mwenyewe, halisomwi na mtu, bado nikaficha. Iliyobaki ni hii. Mwalimu mkuu aliponiuliza kama nina jambo lingine, nilimwambia kwamba Mwalimu Nduku hukaa kwenye simu wakati wa masomo, na nimemwona kwa macho yangu. Sikumwona. Sijawahi. Nilitaka shtaka liwe zito, kwa sababu niliona la mjinga halimshtui. Onyo aliandikiwa kwa sababu ya simu.

Nilidanganya. Mwanamke akakosa cheo. Na mimi namkatia gauni.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefanya ujinga mwingine. Asubuhi nilimpa Mumbua futi yangu ya kupimia, nikamfundisha: kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono. Nikamwambia amwambie mwalimu ni zoezi la hesabu.

Jioni amerudi na futi imeviringwa vizuri, na kipande cha karatasi. Hakuna namba. Kuna mwandiko wa mwalimu, mstari mmoja: Mama Mumbua, mtoto hafiki begani. Njoo mwenyewe.

Nimeisoma mara ishirini. Sijui kama ameandika akicheka au akiwa amekunja uso.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sikuenda.

Nimeunguza kola ya shati la mteja. Nimemgombeza Mumbua kwa sababu ya kikombe ambacho hata hakukivunja yeye. Nimevunja sindano mbili. Saa kumi nilivaa viatu, nikafika kwa kinyozi wa pale kona, nikarudi.

Mwoga ni mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekwenda. Lango la mbele.

Watoto walikuwa wameshatoka. Mwalimu Nduku alikuwa darasani anasahihisha. Akasimama, akavua sweta, akainua mikono kidogo kama wanavyofanya wateja. Hakusema karibu.

Kumpima mtu kifua ni lazima umzungushie mikono. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na leo futi imeniponyoka. Nikaiokota. Nikaandika namba. Nikaja nyuma yake kupima mabega, na hapo nikaona kwamba mgongo ni rahisi kuzungumza nao kuliko uso. Nikasema. Nilisema nilidanganya juu ya simu. Nilisema sijawahi kumwona na simu darasani, hata siku moja. Nilisema naomba msamaha.

Akajibu bila kugeuka: "Mimi nilijua ni uongo. Nilikuwa nangoja nijue kama wewe unajua."

Nikamuuliza kwa nini basi amemfundisha Mumbua. Nilitarajia aseme wito, au Mungu. Akageuka.

"Kwa hasira, Mama Mumbua. Nilisema huyu mtoto atasoma hadi mamake aone haya. Mpaka mwezi wa tano nilikuwa nafundisha na hasira. Halafu siku moja akasoma sentensi nzima, na nikasahau nilikuwa nimekasirikia nani."

Mimi nilicheka, machozi yakanitoka hapo hapo. Yeye hakucheka. Alivaa sweta lake akaanza kufuta ubao. Akaniambia gauni atalivaa, na asante. "Lakini hiyo barua bado iko kwa faili. Na hiyo faili naenda nayo Mwala."

Hakuniomba kitu. Aliendelea kufuta ubao uliokuwa safi tayari.

Jumapili, 19 Oktoba

Mume wangu Muli yuko nyumbani tangu jana. Anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe Lukenya, huja mwisho wa juma. Nimemwambia yote, na kwamba nitaandika barua kwa mwalimu mkuu niseme nilidanganya.

Amekataa. Amesema nikitia sahihi kwamba nilisema uongo, karatasi hiyo itatufuata hata kaburini. Wanaweza kunishtaki. Wateja watanikimbia. "Mshonee gauni, umpelekee na kuku wawili, yaishe. Mwalimu mwenyewe amesamehe." Nikamwambia hajasema amesamehe. Akasema basi hata hiyo barua haitasaidia.

Muli si mtu mbaya. Anaogopa. Mwaka jana alisimama upande wangu bila kuuliza swali, na sasa namwambia alisimama upande wa uongo. Hilo limemchoma. Hatujasemezana tangu mchana. Amekaa nje anatengeneza kiti ambacho hakijavunjika.

Na mimi naogopa. Sitajifanya hapa. Duka langu linasimama kwa jina langu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mashujaa. Muli amerudi Lukenya alfajiri, sikukuu au si sikukuu.

Nimekwenda kwa Mama Hamdi kutafuta uzi wa zambarau na kwa kweli kutafuta mtu wa kunikataza. Hakunikataza. "Ulimkosea mbele ya watu," akasema. "Sasa kumshukuru unataka iwe kwa kona?" Akanipa uzi bure, nikaona hata uso wa kukaa pale sina.

Nimeandika barua mezani, karibu na dirisha. Ya kwanza ilikuwa na visingizio vingi, nikaichana. Ya pili ilinisifu mimi kwa kuwa mkweli, nikaichana pia. Ya tatu ina mistari saba. Nilisema Mwalimu Nduku alimwita mtoto wangu mjinga. Hakumwita. Nilisema nilimwona na simu darasani. Sikumwona. Nilisema uongo kwa hasira. Mtoto wangu amejua kusoma kwa sababu yake. Naomba onyo liondolewe. Jina na sahihi.

Nilipoinua kichwa Mumbua alikuwa amesimama begani pangu. Sikuwa nimemsikia akiingia. Mwaka jana angesimama hapo hata saa nzima na isingekuwa neno. Leo midomo yake ilikuwa inatembea, taratibu, neno baada ya neno, mpaka chini.

"Mami, ulidanganya?"

Ndiyo, nikamwambia.

"Juu ya Mwalimu?"

Ndiyo.

Akafikiri. Akaonyesha kwa kidole neno nililoandika vibaya. Nikalisahihisha. Akatoka kwenda kucheza, na mimi nikalia nikiwa nimeshika kalamu.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimepeleka barua.

Mwalimu mkuu aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Akaniuliza ya nini kufukua mambo ya mwaka jana na mwalimu mwenyewe anaondoka. Nikamwambia niliyeyafukia ni mimi. Akaniuliza kama naelewa nilichotia sahihi. Nikasema naelewa. Yeye ndiye aliyeandika lile onyo, na niliona naye hana raha. Hakumuuliza mtu mwingine yeyote mwaka ule, alilichukua neno langu kama lilivyo. Mwishowe akapiga muhuri. Nakala moja kwenye faili, moja ofisi ya elimu, moja akanipa mimi. Hakuahidi chochote. Amesema wakubwa ndio wataamua.

Nikamwomba nafasi ya kuongea Ijumaa. Amesema ratiba imejaa.

Nimetoka nikitembea upesi. Si furaha. Sijui ni nini. Nimekunywa chai ya watu wawili.

Alhamisi, 23 Oktoba

Gauni limekwisha. Nililikata upya lote, kwa namba nilizopima mwilini mwake. Kiuno nimekipunguza sana. Nimeacha nafasi ndani ya mshono, akinenepa tena huko kwa mamake lifumuliwe.

Muli amepiga simu. Nimemwambia barua imekwenda. Akauliza kama Mumbua amekula. Nikamwambia amekula.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku ya kufunga. Hema mbili, viti vya plastiki, vumbi. Watoto waliimba. Watu walisema mengi, wengi wao walisema jambo moja. Mama Ryan akatoa blanketi na zile glasi, akaomba makofi. Mwalimu Nduku alishukuru kwa ufupi. Sauti ya chini, kama ile ya mlangoni.

Mama Ryan akauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Alisema tu kwa desturi, tayari ameanza kukunja karatasi yake. Nikasimama.

Sikuwa na karatasi. Nilisema mimi ni Mama Mumbua, fundi wa nguo. Nilisema mwaka jana wengi wenu mlinifuata mpaka ofisini, mkasikia niliyoyasema juu ya mwalimu huyu. Yalikuwa uongo. Hakumwita mtoto mjinga na sikuwahi kumwona na simu. Kwa ajili ya uongo huo alipewa onyo, na bado akaacha chakula chake kila siku akamfundisha mtoto wangu kusoma. Nilisema asante, Mwalimu. Nikasema pole. Nikaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alicheka nyuma. Mama mmoja akasema "aiya!" kwa sauti. Mwalimu mkuu aliangalia viatu vyake. Mumbua alikuwa amekaa mbele na darasa lake, amenigeukia, hakuondoa macho kwangu wakati wote. Nilimtazama yeye ili nisitazame wengine.

Nikampelekea Mwalimu Nduku gauni. Sikutaka kukumbatiwa mbele ya watu, naye hakunikumbatia. Alilipokea kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa mara moja, hivi, kukubali. Akaliweka juu ya blanketi.

Wazazi walipotoka wengi walinipita. Mama wa kwaya amekuja dukani saa kumi kuchukua kitambaa chake ambacho sijakikata. Amesema amepata fundi mwingine karibu na kwake. Nimemkunjia vizuri nikampa. Imeniuma. Imeniuma sana, na sijutii.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua ya kwanza jana. Barabara ina matope, wateja ni wachache. Muli yuko nyumbani, anaziba bati lililovuja. Jana usiku alisoma nakala ya barua, akairudisha kwenye sanduku, akasema mwandiko wangu ni mzuri.

Mchana Mwalimu Nduku ameingia dukani. Amekuja kuchukua mizigo yake ya mwisho, pikapu linamngoja saa tisa. Amevaa gauni. Sikujua niweke wapi uso.

Amesema kwapa la kulia linabana.

Nikamwambia haliwezi kubana, nimelipima mwenyewe. Akasema linabana. Nikamwambia ainue mkono. Akainua. Nikasema ni yeye anayeinua vibaya. Akasema ameandika ubaoni kwa mkono huo miaka ishirini, anajua unavyoinuka. Tukabishana hivyo mpaka Mumbua akacheka, na Mwalimu naye akacheka. Sikuwa nimewahi kukisikia kicheko chake.

Kuhusu barua hajaniambia kitu, nami sikumuuliza. Nimemuuliza hali ya mama yake. Amesema jana alishika kijiko mwenyewe.

Nimempa leso ajifunge, nikachukua gauni. Kweli, lilikuwa linabana. Nikamwambia asubiri, si kazi ya muda mrefu. Ameketi kwenye benchi, akavua viatu vyenye matope, akasubiri.